Upanga Mfupi wa Mzee Morita

Siku ile ndani ya sebule ya Mzee Morita tulikuwa sita. Alikuwepo mwenyewe Mzee Morita, Mjapani mzaliwa wa Kanada, mgane, jirani yetu wa ghorofa moja. Alikuwepo Anti Filomena, Mgoa wa Mombasa, karani mstaafu, ambaye nusu ya watu wa korido yetu walimwachia funguo zao kwa sababu hakuwa mtu wa kutoka. Alikuwepo mdogo wangu Baraka, mwenye miaka kumi na mitano, na kitinda mimba wetu Neema, wa miaka minane. Alikuwepo baba mdogo Zakayo, mdogo wake marehemu baba, aliyeingia mwisho na hakuvua viatu. Na nilikuwepo mimi, Upendo, mkubwa wao. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alitoka mle ndani na kitu chake, na aliye hai mpaka leo anaisimulia siku ile kwa namna yake, au haisimulii kabisa. Hii ni namna yangu.

Kwangu mimi habari inaanza na harufu. Jengo letu la Scarborough lilikuwa na harufu kila mlango: bizari hapa, kabichi pale, samaki wa kukaanga, sabuni ya kufulia, na juu ya yote ile harufu kavu ya vumbi linaloungua kwenye mabomba ya joto wakati wa baridi. Jioni moja natoka kazini, theluji bado iko mabegani, nikasikia karafuu. Miguu ilisimama yenyewe. Mama yetu alizaliwa Matombo, milimani Morogoro, kwao walikuwa wakilima karafuu, na hakuna kitu chake ambacho hakikunuka karafuu: kabati la nguo, chai, hata pamba aliyotuwekea kwenye jino linalouma. Wakati huo alikuwa amekufa, yeye na baba pamoja, barabara kuu ilipoganda barafu mwanzo wa majira yale yale ya baridi. Nilifuata harufu mpaka mlango wa mwisho wa korido, nikagonga bila kujua nitasema nini. Mzee mfupi mwenye sweta la kijivu alifungua. Nilimwuliza anapika nini. Akasema hapiki, anapaka upanga mafuta, na mafuta yanayopakwa panga za kwao tangu zamani hutiwa karafuu. Alinitazama machozi yananitoka, akasogea pembeni nipite.

Nyumbani kwetu sikuwa na haraka ya kurudi. Baba mdogo alikuwa amehama kutoka Mississauga kuja kukaa nasi baada ya mazishi, na kwa hilo watu wa kanisani walimsifu. Mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto alikuwa ametueleza wazi, kwa sauti ya upole, kwamba bila ndugu mtu mzima ndani ya nyumba tungegawanywa: Neema kwa watu fulani, Baraka kwa wengine, na mimi, niliyebakiza miezi michache kufika miaka kumi na minane, popote patakapopatikana. Kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa ukuta wetu, na ukuta ule ulikuwa unapiga. Alipiga kwa mkanda, upande wenye chuma. Alimbana Baraka vidole mlangoni kwa sababu ya kurudi amechelewa, akaubana mlango mpaka alipoona inatosha. Mimi alinipiga ngumi ya sikio nilipomwambia nimeacha shule na kupata kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala moja Downsview. Si kwamba alitaka nisome, ila sikumwomba ruhusa. Niliacha shule ili pawepo na mshahara wa mtu wa pili ndani ya nyumba siku nitakapofika umri wa kuwalea wadogo zangu mwenyewe. Nilijua ninachosubiri. Nilimwambia Baraka kila tulipobaki peke yetu: vumilia, usijibu, usimpige, polisi wakija hapa sisi watatu hatutaonana tena. Baraka alikuwa ananisikiliza huku anaangalia ukutani.

Kwa Mzee Morita nilirudi, kwanza peke yangu, halafu na wadogo zangu, nikamweleza na yale ya kugawanywa. Mara ya kwanza aliponionyesha ule upanga aliinamisha kichwa mbele yake, akauchomoa polepole kutoka kwenye ala, akaushika wima, kisha akaninyooshea, makali akiwa ameyaelekeza kwake mwenyewe. Sikupokea. Nyumbani kwetu kisu hakipokewi mkononi. Mama alisema ukipokea kisu mkononi umepokea na ugomvi, kwa hiyo anayetoa anaweka chini, anayechukua anaokota. Nikakaa mikono mapajani, nikisubiri aweke. Mzee aliuweka juu ya kitambaa, mpini ukiwa upande wangu, nami nikauokota. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia mama. Akasema hata kwao wanaojua huuweka chini hivyo hivyo, na kwamba amewaonyesha wageni wengi, pamoja na bintiye, na wote waliunyakua kama mwavuli. Sikumwambia kwamba kwetu ni habari ya kuogopa ugomvi. Niliacha aamini mama yangu alikuwa na elimu ya panga, na mpaka leo sioni kama alikosea.

Alitufundisha kuutazama. Hutakiwi kuzungumza juu ya chuma kilicho wazi, kwa sababu pumzi ina maji na maji yanaleta kutu. Hutakiwi kukigusa kwa kidole, maana jasho la mtu linakula chuma, na alama ya kidole inaweza kubaki hata mwenye kidole akishakufa. Unaunyanyua kuelekea taa, unauzungusha kidogo kidogo, na ghafla unaona. Ubapa wake haukuwa mtupu kama wa visu vya jikoni. Ulikuwa na mistari kama ya mbao iliyopigwa randa, kwa sababu mhunzi aliukunja ule mkate wa chuma, akaufua, akaukunja tena, mpaka tabaka zake hazihesabiki. Na kando ya makali palipita utepe mweupe uliofifia, kama pumzi kwenye dirisha la basi asubuhi ya baridi. Mzee alitueleza ulivyopatikana. Kabla ya kuuzamisha majini ukiwa mwekundu, mhunzi aliupaka udongo, mnene mgongoni, mwembamba kwenye makali. Penye udongo mwembamba chuma kilipoa ghafla kikawa kigumu kama kioo. Penye udongo mnene kilipoa taratibu kikabaki laini, kikipigwa kinapinda lakini hakikatiki. Ule utepe mweupe ndipo ugumu na ulaini vinapokutana. Hata ule mpindo wake mdogo haukutoka kwenye nyundo. Chuma kilijipinda chenyewe ndani ya maji, kwa kuvutana huko. Panga nyingi zilipasuka wakati huo, akasema, na mlio mmoja mdogo ulikuwa umeharibu kazi ya siku nyingi. Huu haukupasuka.

Siku moja alisukuma nje kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini, akauvua mpini wote, akatuonyesha mkia wa chuma unaojificha ndani. Ulikuwa mweusi kwa kutu ya zamani, kutu ambayo haisuguliwi kamwe kwa sababu ndiyo inayotaja umri. Hapo mhunzi alichonga jina lake kwa patasi. Lakini miaka mingi baada yake mtu mwingine alitaka upanga mfupi zaidi, akakata kipande cha mkia, na nusu ya jina ikaenda nacho. Ikabaki herufi moja. Baraka aliuliza, sasa tutamwitaje. Mzee akasema, tunamwita kwa kazi yake. Baraka, ambaye wakati ule kila alichokitazama alikitazama kama silaha, akauliza tena upanga huu umeua watu wangapi.

"Sijui," alisema Mzee. "Lakini usidhani ulitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa. Ulitengenezwa kufungua tumbo la mtu. Uzuri wake haufuti hilo."

Akatuonyesha mgongoni mwa upanga mkato mdogo, ambapo upanga wa adui uliwahi kupokelewa. Mkato ule haukusuguliwa pia. Akatueleza kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia za Kijapani za pwani ya magharibi zilipofukuzwa majumbani na kupelekwa kambini milimani, silaha zote zilitakiwa kukabidhiwa. Baba yake aliuficha huu ndani ya godoro la mtoto. Mtoto alikuwa yeye.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, Jumamosi. Ilikuwa mchana, jua kali juu ya theluji, mwanga umejaa ile sebule. Anti Filomena alikuwa jikoni anachemsha chai ya maziwa, akilalamika kwa Kiswahili chake cha Mombasa kwamba Mzee hana sufuria hata moja ya maana, ana vijibakuli tu kama vya kuchezea watoto. Mzee alikuwa ameufuta upanga kwa karatasi laini, mafuta ya zamani yametoka, mapya bado. Ulikuwa wazi juu ya kitambaa na sisi tumekaa kimya kuuzunguka. Baba mdogo alikuwa ametoka zamu ya usiku, ameamka, hakukuta chakula wala mtu. Hakugonga. Alifungua tu akasimama katikati, theluji ya viatu vyake ikiyeyuka juu ya mkeka.

"Neema, nimekuita mpaka sauti imekauka," alisema. "Ulikuwa wapi?"

Neema alijibu kwa Kiingereza kwamba hakusikia. Watoto waliokulia pale wote walikuwa hivyo; unamwuliza kwa Kiswahili, anakuelewa neno kwa neno, jibu linatoka kwa Kiingereza. Baba mdogo aliliona hilo kuwa dharau. Alimwambia ajibu kwa Kiswahili. Neema akafungua mdomo, akatafuta, akasema tena kwa Kiingereza kwamba anaomba msamaha. Akampiga kofi. "Kwa Kiswahili." Mtoto akasema jina langu. Akampiga la pili, la upande mwingine, kichwa kikarudi kana kwamba hakijafungwa shingoni.

"Zakayo," alisema Anti Filomena kutoka mlango wa jikoni, "huyo ni mtoto, si ngoma."

"Anti, wewe rudi ukachunge maziwa yako."

Nilikuwa nimeshasimama kati yao. Alinisukuma kwa kiwiko cha koo nikaanguka, akamshika Neema nywele, na mara ya tatu hakupiga kwa kiganja. Neema aligonga fremu ya mlango kwa mdomo. Nilisikia jino. Damu ilimtoka mdomoni na puani ikachirizika kwenye gauni la shule ya Jumapili ambalo mama alilinunua kubwa ili limtoshe na mwaka unaofuata. Hakulia. Alikaa chini, akaangalia mikono yake.

Nilipogeuka, Baraka alikuwa ameshika upanga. Aliushika kwa mikono miwili, vizuri, kama mtu aliyeutazama sana. Hakupiga kelele. Alikuwa anatembea, na baba mdogo alikuwa anarudi nyuma mpaka mgongo ukakutana na ukuta.

"Mguse tena," alisema Baraka.

Baba mdogo alicheka, kicheko cha mtu asiye na mate. "Tazama. Mjukuu wa mkulima wa karafuu, leo samurai. Haya, njoo."

Niliongea na Baraka kama ninavyoongea na Neema akishika kikombe kilichojaa. Nikamwambia, weka chini. Kisu hakipokewi mkononi, unajua mwenyewe. Weka chini niokote. Nikaona mabega yake yakishuka, ncha ya upanga ikashuka nayo ikaelekea kwenye mkeka. Nadhani angeuweka. Lakini baba mdogo alimwona anashusha akadhani ameshinda, akasema, "Ndiyo. Bora mama yako alivyokufa, asione alichozaa."

Upanga ulipanda. Sikuwa na nafasi ya kumfikia Baraka mikono. Nilichoweza kukifikia ni chuma, nikakishika kwa kiganja cha kulia, karibu na ncha, nikabana. Watu huniuliza kama niliumia. Kwanza nilihisi baridi, na ulaini, kama kushika utepe wa hariri uliolowa. Makali yale hayakuhitaji nguvu yangu wala ya Baraka. Yaliingia yenyewe mpaka yalipokuta kitu kigumu, na kitu hicho kilikuwa mimi. Ndipo damu ikaja yote kwa pamoja, ikatiririka kufuata ule utepe mweupe mpaka kwenye mikono ya mdogo wangu. Baraka aliona nilichoshika. Uso wake ulirudi kuwa wa mtoto. Kama angevuta, nisingekuwa na vidole leo, na nilimwona mwili mzima ukitaka kuvuta.

"Usivute," alisema Mzee Morita, sauti ya chini. "Usisukume. Simama hivyo." Alikuja akaweka mikono yake juu ya mikono ya Baraka, kidole kwa kidole, akauchukua ule mpini. Akaniambia nifungue kiganja. Hakikufunguka mara moja. Tulipoachana na chuma, Anti Filomena alinifunga kwa taulo za jikoni, akavuta kwa meno, huku anamwambia baba mdogo kwa sauti ya kawaida kabisa akae chini asitapike kwenye mkeka wa watu.

Mtu wa ghorofa ya chini alikuwa ameshapiga simu. Polisi wawili walifika wakakuta damu ukutani, mtoto amevunjika jino, mimi nimeshika taulo nyekundu, Baraka amesimama pembeni. Niliwaona wakimtazama Baraka, na nikaona yote niliyoyaogopa majira yale yakiingia mlangoni na buti zao. Kabla sijafumbua mdomo, Mzee aliongea. Alisema kosa ni lake. Aliuacha upanga wazi mezani, akasahau, siku hizi anasahau, akataka kusimama akaona giza, akaangukia meza. Mtoto mdogo alikimbia kwa hofu akagonga mlango. Binti huyu aliudaka upanga usimwangukie mdogo wake. Mkono wa mtu yule, ambao sikuwahi kuuona ukitikisika hata akiwa na chuma wazi, aliutetemesha. Alirudia sentensi moja mara mbili kama wazee wanavyorudia. Polisi mmoja akanigeukia, akauliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikasema ndivyo. Baba mdogo hakubisha; ukweli ungeanza na ngumi zake. Akamwuliza Anti Filomena, ambaye hajawahi kukosa misa. Akasema yeye alikuwa anaangalia chai. Baadaye, hospitalini, aliniambia, "Sikusema uongo, mwanangu. Kweli nilikuwa naangalia chai. Niliiangalia kwa bidii."

Vidole viwili vya mkono ule havifungi mpaka leo. Baba mdogo hakumpiga mtu tena. Kila aliponiona aliona bandeji, na nadhani kila alipoona bandeji aliona shingo yake. Nilipotimiza umri, nikaomba kuwalea wadogo zangu, nikakubaliwa. Yeye akafunga sanduku akaenda Alberta. Hatukugawanywa. Lakini neno la Mzee Morita halikuishia sebuleni. Polisi walikuwa wamesikia habari ya mzee anayesahau na kuacha silaha wazi, wakaipeleka inakopelekwa, na binti yake akaja kutoka Ottawa. Alikuwa mwanamke mwenye haya, koti zuri, macho mekundu. Alinikuta koridoni na mkono wangu umefungwa, akanishika ule mzima, akaniomba radhi. Akasema baba yake angeweza kuniua. Nilifungua mdomo. Nyuma yake, mlangoni mwake, Mzee alikuwa amesimama na sweta lake la kijivu, akatikisa kichwa, mara moja tu.

Walimhamishia kwenye nyumba ya wazee ambako hata kisu cha siagi kilikuwa cha plastiki. Nilikwenda kumwona kila nilipopata siku, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Hakusahau kitu. Aliniuliza swali lile lile kila mara, tuko wote watatu? Nikijibu tuko, anasema basi. Nilimwambia nataka kumweleza binti yake ukweli. Akakataa. Alisema nikisema sasa, watamchukua Baraka, na yeye atakuwa ameondoka nyumbani kwake bure. "Mdogo wako akiwa mtu mzima aseme mwenyewe. Si deni lako wewe." Alifariki kabla Baraka hajafika ishirini. Mazishini binti yake alituambia, kwa upendo, kwamba akili ya baba yake ilianza kumtoka siku ile ya upanga. Upanga wenyewe alisema ameufunga kwa mkanda wa gundi ndani ya sanduku, chini ya nyumba yake, hataki hata kuuona. Nilifikiria alama ya kiganja changu iliyobaki juu ya chuma kile bila kufutwa wala kupakwa mafuta.

Siku hizi Jumapili tunakula kwa Baraka, Mississauga, ana nyumba na bustani ndogo. Watoto wake wakiulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, na hakuna anayepigwa. Neema, ambaye Kiswahili amekirudia ukubwani kwa kiburi, anawasahihisha na wao wanamcheka lafudhi. Mwaka huu niliwapeleka kwenye jumba la makumbusho mjini. Kuna panga za Kijapani nyuma ya kioo, zimewekwa vizuri, taa zinatoka juu. Niliwaonyesha utepe mweupe, nikawaeleza udongo na maji. Mkubwa wao akaniuliza nimejuaje, nami nikamtazama Baraka. Baraka alikuwa anasoma kibao ukutani, anakisoma tena na tena.

Haya nayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo yule binti wa Mzee Morita haisomi, kwa hiyo kuandika huku hakulipi kitu. Yeye bado anaamini alimwokoa baba yake kutokana na uzee. Anayeweza kumwambia kwamba mzee alikuwa timamu kuliko sisi sote mle ndani ni mmoja, na ana anwani. Jumapili iliyopita, tukiosha vyombo, nilimwuliza Baraka atakwenda lini. Akasema, "Nitakwenda, dada. Theluji ikiisha." Nikamwambia imeshaisha. Akaendelea kukausha sahani.